Ukitaka rangi ya ekzosi, anza na kitenzi

MINTARAFU ya istilahi za ufundi, wengi hudhani kazi ya mwanalugha ni kutunga neno la kila kitu kilichotujia na jina la kigeni, kisha kulipeleka kwa fundi alitumie. Wiki hii tutapita njia nyingine, ya kutoka gereji kuja kwenye kamusi. Tutachukua jambo dogo linalowasumbua wenye magari: kuchagua rangi ya kupaka ekzosi ambayo haitaungua wala kuambuka baada ya safari mbili. Hoja ya makala haya ni kwamba kosa la wanunuzi wengi huanzia katika kitenzi wanachokitumia, au wanachokiacha, wakiwa dukani.

Mfano wetu tuuweke Garsen, Kaunti ya Tana River. Hapo na jirani yake Minjila ndipo barabara itokayo Malindi inapogawanyika: mkono mmoja huelekea Witu na Lamu, mwingine hupanda Hola hadi Garissa. Malori ya maembe, mabasi, Probox, bodaboda na trekta za mashamba ya mpunga hupita hapo, na yote yana bomba la moshi linaloteseka. Wakati wa kiangazi ni vumbi na jua kali. Mto ukifurika, kama ilivyokuwa mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024, ni maji na tope la udongo mweusi. Ukiteremka hadi Kipini, Mto Tana unapoingia baharini, huongezeka chumvi ya hewani.

Garsen pia ni mji wa lugha nyingi. Mpokomo, Morma, Mwardei, Mgiriama, Msomali na Mbajuni wanaweza kukutana kwenye gereji moja, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Neno lisipokuwa wazi, kila mmoja huondoka na maana yake. Chukulia mazungumzo haya ya dukani:

– Shikamoo mzee. Nataka rangi ya joto.

– Marahaba, mwanangu. Ya joto gani? Ya bati ama ya gari?

– Ya gari. Ya ekzosi.

– Basi chukua hii silva. Hii ni ya moto, haishindwi.

Hakuna aliyesema uongo hapo, na Kiswahili chao hakina kasoro ya sarufi. Hata hivyo, kijana anaweza kurudi nyumbani na kopo la rangi ya mageti. Tuone ni kwa nini.

Utata wa kiunganishi ‘ya’

Katika sarufi ya Kiswahili, kihusishi cha A-unganifu hubeba mzigo mkubwa kuliko umbo lake. ‘Kikombe cha Amina’ huonyesha mwenye mali. ‘Kikombe cha udongo’ hutaja kilichotumiwa kukitengeneza. ‘Kikombe cha chai’ hueleza kazi yake, au hata kilichomo ndani wakati huo. Msikilizaji huchagua maana kwa kutegemea muktadha, na kwa kawaida hakosei, kwa sababu vikombe sote tunavijua.

Sasa tazama ‘rangi ya joto’. Inaweza kuwa rangi inayovumilia joto. Inaweza kuwa rangi inayopunguza joto ndani ya nyumba. Mwalimu wa sanaa anaweza kufikiria wekundu na manjano. ‘Rangi ya moto’ nayo ina utata zaidi: ni rangi inayofanana na mwali, rangi ya kuzuia nyumba isiungue, au ni rangi ya kitu cha moto kama chuma cha injini? Kumbuka pia kwamba ‘moto’ katika Kiswahili ni mwali na ni sifa vilevile, ndiyo maana tunasema ‘maji ya moto’ bila kumaanisha kuwa yanawaka.

Kihusishi kikizidiwa, dawa yake ni kuleta kitenzi. Badala ya ‘rangi ya joto’, sema ‘rangi inayofanya jambo fulani mbele ya joto’. Hapo muuzaji hana budi kuuliza jambo lenyewe ni lipi.

Vitenzi vinne, makopo manne

Kitenzi cha kwanza ni kuakisi. Rangi inayoakisi joto hupakwa juu ya mabati ili miale ya jua irudishwe angani na nyumba ipoe. Mahali penye jua kama Garsen, bidhaa hii ina wanunuzi. Lakini imetengenezewa paa, ambalo hata mchana wa kiangazi halifiki nyuzi 100 za Selsiasi. Ukiipaka ekzosi, itaungua na kutoa moshi siku hiyohiyo.

Cha pili ni kuzuia, kwa maana ya kuzuia moto. Zipo rangi za majengo ambazo zikipatwa na moto huvimba na kufanya povu zito linalochelewesha joto kufikia nguzo za chuma au mbao, ili watu wapate muda wa kutoka. Rangi hiyo imekusudiwa kufa mara moja ikiokoa jengo. Ikipakwa bomba la moshi, ambalo hupata moto kila siku, itavimba, itakuwa kama makaa, kisha itaanguka.

Cha tatu ni kuhami. Katika fizikia ya shuleni, kihami ni kitu kisichopitisha joto au umeme kwa urahisi. Kuhami joto la ekzosi ni kulibakiza ndani ya bomba lisisambae kwenye injini. Kazi hiyo hufanywa na utando mzito wa kauri unaowekwa kwa mitambo maalum, au kwa kufunga bomba kitambaa kama bendeji. Kitambaa hicho kina madhara yake. Hunyonya maji na kuyashikilia kwenye chuma, na kwa njia ya matope kama ya Tana River, bomba la chuma cha kawaida huoza chini ya bendeji bila mwenyewe kuona. Tena vitambaa vya zamani vilikuwa na asbesto, ambayo vumbi lake likivutwa mapafuni huleta maradhi makubwa. Ukikuta bendeji kuukuu kwenye gari la miaka mingi, usiipasue ovyo.

Cha nne ni kustahimili, na hiki ndicho tunachokitafuta. Kitenzi hiki kimejengwa juu ya mzizi uleule wa Kiarabu uliotuletea hamali, yule mbeba mizigo wa bandarini. Anayestahimili hubeba, mzigo haumwondoki. Ndivyo ilivyo rangi inayostahimili joto: hulibeba joto la chuma bila kuvunjika, huku ikizuia maji na hewa visifike kwenye chuma na kuleta kutu. Haipoezi ekzosi. Ni utando mwembamba mno kuweza kufanya hivyo.

Tofauti hii si ya darasani tu. Mwendeshaji bodaboda anayepaka ekzosi rangi akidhani abiria wake hawataungua tena muundi amechanganya kustahimili na kukinga. Anachohitaji ni kinga ya bati iliyofungwa kwa nafasi kati yake na bomba. Vilevile, dereva anayeegesha gari juu ya nyasi kavu ndefu, injini ikiwa imetoka safari, anaweza kuwasha moto wa nyika hata kama ekzosi yake imepakwa rangi bora kuliko zote. Chuma bado ni cha moto kilekile.

Ekzosi si kitu kimoja

Baada ya kitenzi, tuje kwenye nomino. Tunaposema ‘ekzosi’ au ‘bomba la moshi’ tunataja kitu kirefu chenye sehemu kadhaa. Neno ‘bomba’ lenyewe tulilipata kwa Wareno, ambao kwao ni pampu. Sisi tukalipanua likawa pia mfereji wa kupitishia maji au moshi. Upana huo wa maana unafaa katika mazungumzo, lakini kwa mwenye kuchagua rangi lazima tuukate vipande.

Kipande cha kwanza ni manifoldi, kile cha chuma kizito kilichofungwa kwenye injini kukusanya moshi. Injini ya petroli ikibeba mzigo, chuma chake kinaweza kupita nyuzi 600 za Selsiasi. Injini ya dizeli kwa kawaida huwa chini ya hapo. Kipande cha pili ni bomba linaloteremka kutoka hapo, pamoja na katalisti, yaani kifaa cha kusafisha moshi, kwenye magari yenye nacho. Hapa pia joto ni kali. Cha tatu ni bomba la katikati, ambalo mara nyingi huwa kati ya nyuzi 200 na 400. Cha mwisho ni silensa na mkia wake, ambako moshi umekwisha kupoa, na chuma huwa baina ya nyuzi 100 na 250 hivi. Viwango hivi hupanda na kushuka kulingana na mzigo, mwendo na afya ya injini, lakini mteremko wake ni uleule: kadiri unavyokwenda nyuma ndivyo joto linavyopungua.

Sasa weka rangi mbele ya vipande hivyo. Rangi ya mafuta ya kawaida, ile ya milango, huanza kubadilika na kuungua ikipita nyuzi 100 kidogo. Rangi ya injini huvumilia zaidi ya hapo, lakini haifikii joto la manifoldi. Hakuna kati ya hizo inayofaa manifoldi. Mabati yaliyopakwa zinki nayo yasikupumbaze: zinki huyeyuka kwa nyuzi 420 hivi, na huanza kubanduka chini ya hapo ikikaa kwenye joto muda mrefu. Zaidi ya hayo, fundi anayechomelea bomba lenye zinki huvuta moshi unaoleta homa.

Rangi inayofaa sehemu za moto ni ile iliyotengenezwa kwa gundi ya silikoni. Siri yake ni kiungo cha silikoni na oksijeni, ambacho ni kigumu kuvunjwa na joto kuliko viungo vya kaboni vilivyomo katika rangi ya kawaida. Ikichanganywa na unga wa aluminiamu, hustahimili mpaka nyuzi 600 hivi. Joto linapopanda, sehemu ya kaboni iliyomo huungua, na kinachobaki ni silika na vipande vya aluminiamu vilivyoshikamana na chuma. Ndiyo sababu rangi za ekzosi huwa nyeusi, kijivu au za fedha: vinavyotia rangi hizo ni metali na oksidi zinazovumilia joto. Wekundu na samawati nyingi hupauka.

Hapa ndipo ‘silva’ ya mazungumzo yetu inapoleta hasara. Kuna silva ya mageti na matangi, na kuna silva ya silikoni. Zote zina unga wa aluminiamu, zote zinang’aa, na ukizipaka kwenye kibao huwezi kuzitofautisha kwa jicho. Tofauti iko kwenye gundi inayoshika unga huo. Kwa hiyo usiulize ‘silva’, uliza ‘silikoni’, na uhakikishe neno hilo limeandikwa kwenye kopo.

Neno ‘kauri’ nalo lina mtego. Utando wa kauri wa kweli huhitaji chuma kisafishwe kwa kupigwa mchanga, kisha kichomwe ndani ya tanuri. Kopo la kupulizia lililoandikwa kuwa ni la kauri mara nyingi ni rangi ya silikoni iliyotiwa unga wa kauri. Si kitu kibaya, na huenda ikastahimili zaidi, lakini isikutoze bei ya kitu kingine.

Joto, halijoto na herufi F

Kiswahili sanifu kimetupa maneno mawili yanayofaa hapa: joto na halijoto. Joto ni ile nguvu yenyewe inayotoka kwenye moshi na kuingia katika chuma. Halijoto ni kipimo cha umoto wa kitu wakati fulani. Kopo la rangi hutaja halijoto, na hulitaja kwa tarakimu. Tarakimu bila kizio ni kama bei bila sarafu.

Makopo mengi yanayoingia nchini huandikwa tarakimu kubwa yenye herufi F, yaani Farenhaiti, kipimo cha Marekani. Mnunuzi akiona 1200 hufurahi, kwa kuwa anajua ekzosi haifiki nyuzi 1200. Lakini ili kupata Selsiasi, unaondoa 32, unazidisha kwa 5, kisha unagawa kwa 9. Hivyo 1200 F ni nyuzi 649 za Selsiasi. 500 F ni nyuzi 260. 2000 F ni nyuzi 1093. Kopo lililoandikwa 500 F, ambalo mtu angelipaka manifoldi kwa kudhani linafika nyuzi 500, kwa kweli ni la silensa ya nyuma.

Kielezi nacho kina thamani. Kustahimili nyuzi 650 mfululizo ni jambo moja. Kuzistahimili kwa muda mfupi ni jambo jingine. Watengenezaji wengine huandika kiwango cha muda mfupi kwa herufi kubwa na kile cha mfululizo kwa herufi ndogo nyuma ya kopo. Lori linalotoka Garissa hadi Malindi na mzigo hupata joto la saa nyingi mfululizo. Soma herufi ndogo.

Kukauka na kuiva

Sasa tufike kwenye jozi ya vitenzi ambayo huamua kama fedha zako zitadumu. Rangi ya silikoni ikikauka, bado haijaiva. Kukauka ni kuondoka kwa thina; ukigusa, kidole hakishiki rangi. Kuiva ni gundi yenyewe kufungamana kwa joto na kuwa ngumu. Mfinyanzi anaijua tofauti hii vizuri. Chungu kilichoanikwa kimekauka, lakini ukikitia maji kitarudi kuwa udongo. Mpaka kichomwe ndipo kinapokuwa chungu. Rangi ya silikoni isiyoiva nayo hukwaruzika kwa ukucha na hutoka ukiipangusa kwa petroli.

Rangi nyingi za aina hii huhitaji kufikia karibu nyuzi 200 ili ziive. Kwenye gari, njia ya kawaida ni kuchoma kwa hatua: baada ya rangi kukauka kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, injini huwashwa ikiwa imesimama kwa dakika 10 hivi, huachwa ipoe, kisha huwashwa tena kwa muda mrefu zaidi, na kadhalika. Ukikimbilia safari ndefu mara tu baada ya kupaka, thina iliyonaswa ndani huchemka na kuinua rangi. Fanya kazi hiyo nje penye hewa, maana moshi wa kwanza una harufu kali, na kamwe usipulizie rangi juu ya bomba la moto, kwa sababu mvuke wa thina huwaka.

Hapa kuna hoja ambayo wengi hawaitarajii: rangi yenye tarakimu kubwa zaidi si lazima iwe bora kwa kila sehemu. Silensa ya nyuma ya Probox inayozunguka mjini huenda isifike nyuzi 200 hata mara moja. Ukiipaka rangi inayohitaji joto hilo ili iive, itabaki mbichi siku zote, na kokoto za barabarani zitaikwangua. Kwa silensa, tafuta rangi inayokubali kuiva kwa joto dogo au kwa hewa tu, mradi inastahimili nyuzi 300 hivi. Kwa manifoldi, tafuta inayostahimili 600 na zaidi. Pampu ya dizeli ya kuvutia maji shambani kando ya mto nayo ni injini kama nyingine: bomba lake fupi lililo karibu na injini huhesabiwa kama manifoldi.

Ugonjwa na jina lake

Kiswahili kina utajiri wa maneno ya kueleza ngozi inavyoharibika, na mafundi huyatumia kwa rangi bila kufundishwa na mtu. Ukiyatumia kwa makini, kila neno huonyesha chanzo.

Rangi ikitoa malengelenge, kulikuwa na unyevu au thina chini yake, au ilipakwa nzito na kuchomwa haraka. Ikiambuka vipande vipande kama ganda la mti, chuma hakikusafishwa: kulikuwa na kutu, mafuta au rangi ya zamani. Ikibabuka na kuwa nyeusi, halijoto imepita uwezo wake. Ulinunua kopo lisilofaa sehemu hiyo. Ikipauka tu huku bado imeshika, kilichokufa ni kitia rangi, na chuma bado kinalindwa. Ikipasuka nyufa nyembamba, mara nyingi ilipakwa nzito mno, kwa kuwa chuma hutanuka na kusinyaa na utando mzito haukifuati.

Maneno hayo yanatufundisha pia utaratibu wa kazi. Kutu iondolewe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kionekane. Mafuta yapanguswe kwa thina na kitambaa safi, kisha usishike tena kwa mkono mtupu. Usianze na ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu inayopakwa madirisha, maana yenyewe haistahimili joto, na ikiungua itaondoka na kila kilicho juu yake. Paka mipako miwili au mitatu myepesi badala ya mmoja mzito. Usipake nyuzi za boliti wala kihisi cha oksijeni.

Kupaka si kuziba

Tumalizie na jozi ya vitenzi yenye uzito kuliko zote. Kupaka ni kufunika uso. Kuziba ni kuondoa tundu. Rangi haizibi. Hata hivyo, kwenye soko la magari ya mtumba, ekzosi iliyopakwa rangi mpya inayong’aa huweza kuficha nyufa na matundu kwa wiki chache.

Elewa kwamba ekzosi huoza pia kutoka ndani. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, ambayo hutoka kama mvuke. Gari likiwa la safari fupi fupi, silensa haipati moto wa kutosha kuyakausha, na maji hayo yenye asidi hukaa ndani yakila chuma. Rangi ya nje haiyafikii. Kadhalika, gari likiingia kwenye maji ya mafuriko manifoldi ikiwa ya moto sana, chuma kinaweza kupasuka kwa kupoa ghafla. Rangi haina msaada hapo.

Ufa au tundu likitokea mbele ya silensa, chini ya sakafu ya gari, moshi unaweza kuingia ndani. Katika moshi huo mna kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Abiria wa safari ya usiku waliofunga vioo kwa kuogopa vumbi wataumwa na kichwa, watasinzia, na wakizidiwa hawataamka. Kwa hiyo, kabla ya kopo lolote kufunguliwa, injini iwashwe na bomba lisikilizwe na kukaguliwa kwa urefu wake wote. Penye mlio wa kupuliza au alama nyeusi ya masizi, pachomelewe au bomba libadilishwe. Fundi akikuambia ‘tutapaka tu, itashika’, mwulize: itashika nini, rangi au moshi?

Turudi basi dukani. Kijana wetu angeweza kusema hivi: “Shikamoo mzee. Nataka rangi ya silikoni inayostahimili nyuzi 600 za Selsiasi mfululizo, ya manifoldi ya lori. Inaiva kwa joto gani?” Ni sentensi mbili tu zilizomwongezea muuzaji kitenzi, kizio, sehemu na swali la kuiva. Muuzaji asiyejua atalazimika kugeuza kopo na kusoma. Anayejua atafurahi kupata mteja anayejua.

Kwa wenzetu wanaokusanya istilahi, funzo ni kwamba orodha ya nomino pekee haitoshi. Kamusi ya ufundi ikitupa ‘ekzosi’, ‘manifoldi’ na ‘silensa’ bila kutupa kuakisi, kuzuia, kuhami, kustahimili, kukinga, kukauka, kuiva, kupaka na kuziba, itakuwa imetupa vifaa bila kazi zake. Vitenzi hivyo vyote tunavyo tayari, na mafundi wa Garsen, Hola na Witu huvitumia kila siku. Kilichobaki ni kuvitumia kila kimoja mahali pake.